Kura ya Marehemu

Siku hizi marehemu nao wanapiga kura. Sauti zao zinakaa kwenye kisanduku ukutani, na nyumba zao bado ni zao.

Msellem, anayegombea udiwani, alivua viatu mlangoni, akanibebea ndoo ya maji hadi jikoni.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuongea na babu."

Nilimsikia nikichuja chai. "Babu, mji unakua. Tunataka barabara na shule. Nyumba hii imekaa njiani."

"Bomoeni tu, mwanangu," sauti ya marehemu mume wangu ikajibu kutoka kisandukuni.

Makame wangu hakuwahi kumjibu mgeni jambo la nyumba kabla ya kuniita: "Mama Tunu, njoo usikie."

Msellem akanipokea sinia. "Pole, bibi. Babu amekubali."

Nilisimama mbele ya kisanduku, chai ikapoa, nikingoja Makame aniite.