Msimamizi wa Ubatizo

Padre alivuta droo kutoa fomu, na msahihishaji akawahi kumkatiza. "Padre, hilo jina lako asili yake Kireno. Maana yake baba, basi!"

Padre akaiacha droo nusu wazi, akacheka. Binti wa msahihishaji, kichanga mapajani, akashusha pumzi. Baba yake ameshaanza.

Miaka thelathini mzee huyu alikuwa amesahihisha vitabu vya sala kwenye kiwanda cha uchapaji, na neno la kanisa asilolijua asili yake halijazaliwa. Mwenyewe alijijua: kasuku mwenye miwani. Lakini leo alikuwa na shida ya kweli. Alitaka kumsimamia mjukuu wake wa kwanza ubatizo, na nafasi ilikuwa moja. Kando yake aliketi mshindani wake, bibi mzaa baba, mkoba mapajani.

"Haya, tujaze," padre akasema, mkono ukirudi kwenye droo.

"Na askofu je? Neno limetoka kwa Wagiriki, likapitia kwa Waarabu, ndipo likatufikia. Mwangalizi! Shemasi ni mtumishi. Parokia, utacheka, ni makao ya wageni."

"Mkwe wangu ana maneno huyu!" bibi akasema. "Ila kwenye foleni ya komunyo sijawahi kumwona."

"Ekaristi ni shukrani, mkwe. Mimi nashukuru nikiwa nimekaa. Magoti haya, we acha tu."

Wakacheka wote, hata yeye, huku jasho likimtiririka mgongoni. Mzee mzima unapayuka hivi, akajisuta, huoni haya? Lakini akinyamaza tu, fomu itatoka. Akaongeza injili, habari njema. Akaongeza kanisa, kusanyiko. Akaishiwa.

Binti akamwonea huruma. "Padre, mwandike baba. Nani anayajua mambo haya kumshinda?"

"Mwandike," bibi naye akasema, bila kinyongo. "Anamtaka huyu mtoto kuliko sisi sote."

Ilikuwa kweli tupu, na ilimchoma. Alimpenda mtoto yule hadi usingizi ukampaa.

Fomu ikatoka. Padre akashika kalamu. "Cheti chako cha ubatizo, mzee?"

"Ubatizo," msahihishaji akaanza, "kwa Kigiriki ni kuchovya..."

"Cheti, mzee wangu."

Akamtazama mjukuu, kisha bintiye, kisha viatu vyake. "Mimi sijawahi kuchovywa, Padre," akasema.

Mjukuu alibatizwa Jumapili iliyofuata, bibi akiwa msimamizi. Miezi minane baadaye, baada ya kukaa darasani na watoto wa katekesi, msahihishaji alisimama na suti yake mbele ya beseni la ubatizo. Msimamizi wake, bibi yuleyule, akamwekea mkono begani na kumnong'oneza, "Inama, mwanangu."