Mfupa Kwenye Chokaa

Koleo la Bogna liligonga kitu kigumu ndani ya shimo la chokaa. Akakiinua: mfupa wa ubavu wa nguruwe, bado unang'ang'ania kipande cha mafuta.

Mafundi wakaweka mawe chini. Ilikuwa Kwaresima, na kwa amri ya mkuu wa nchi, anayekula nyama wakati wa mfungo hung'olewa meno.

Juu ya ukuta wa kanisa, Dalebor aliutambua mfupa wake. Mpumbavu yeye! Alidhani chokaa inayobabua mikono ingeula na mfupa.

Na wa kuuopoa, kati ya watu wote, akawa Bogna, mama mkwe wake. Kikongwe huyu alimtia kinyaa. Mwaka jana, Kwaresima ikiwa katikati, Dalebor alikwenda machimboni kupasua mawe. Aliporudi baada ya Pasaka akamkuta anafyonza uji wa mtama fyo, fyo, mate yakichuruzika hadi kwenye kitambaa alichojifunga usoni, eti kuzuia vumbi la chokaa. Akikaa naye jikoni, tonge halipiti.

"Mama, kwani ukila lazima kijiji kizima kisikie?" alimwambia jana tu, mbele ya mkewe. Bogna alimtazama tu. Lakini baadaye bibi alimkuta Dalebor nyuma ya tanuri akipangusa mafuta midomoni, akamtazama vile vile.

Sasa alikuwa anamtazama tena.

"Nani huyu?" alifoka Radosz, msimamizi, nyundo ya mawe mkononi. "Semeni, au nawang'oa wote!"

Bogna akainua kidole. Dalebor akafumba macho, ulimi ukipapasa meno yake kama anayeyaaga.

"Ni mimi, baba," alisema bibi.

"Wewe? Toa hicho kitambaa. Fungua mdomo!"

Bogna akakifungua. Dalebor akafumbua macho. Radosz alikuwa amechungulia, uso umekunjamana, na sasa anatema mate chini.

"Kumbe wewe tena! Sasa nipige nini, fizi? Si tulikung'oa meno yote mwaka jana, kwa yule kuku tuliyefukua manyoya yake nyuma ya nyumba yenu?"

"Ndiyo, baba. Ulafi tu."

Watu wakacheka. Bogna akafunga kitambaa chake, akarudi kukoroga chokaa.

Dalebor alimkumbuka vizuri yule kuku. Alimla peke yake, hadi shingo, asubuhi ile ya kwenda machimboni.