Kipimo cha Korongo

Kiangazi kilipokausha mto, perege wawili wasiojuana walijikuta katika dimbwi moja. Mmoja alitoka kwenye maporomoko, mwembamba na mwoga. Mwingine alitoka kinamasini, mpana na mwenye majivuno.

Korongo akaja na bua la tete. "Nawapima tu, nijue maji yapi yanalea vizuri."

"Anza na mimi," alisema wa kinamasini.

Korongo akampima kutoka mgongoni hadi tumboni, kisha akaliweka lile bua kwenye koo lake mwenyewe. Likaenea.

Mwembamba akamsogelea mwenzake. "Ndugu yangu, anapima koo lake. Tujifiche chini ya jiwe."

"Sema unauonea haya wembamba wako."

Korongo alisikia, akamdaka mwembamba kwanza asije akatoroka. Kwa hofu, miiba ya mgongo wake ikasimama yote, ikamchoma Korongo kooni hata akamtema. Mwembamba akakimbilia chini ya jiwe.

Mpana alikuwa bado anamcheka, miiba yake imelala, Korongo alipomgeukia. Mpana aliingia kooni kichwa mbele, akateleza, akapita.

Mvua zilinyesha, mto ukajaa. Mwembamba hakuthubutu kulaza miiba yake.