Chumvi Imekolea?

Sheria inataka ulimi wa kila mwonjaji wa mvinyo uzimwe getini anapotoka kazini, eti usije ukaharibiwa na vyakula vya nyumbani. Kwa hiyo mume wangu Lazaro akipika mlenda na kuniuliza, "Mama Neema, chumvi imekolea?" mimi humjibu kuwa imekolea, ingawa kinywani nasikia utelezi tu.

Leo niliingiza mlenda wake kazini, ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Asubuhi nzima nilionja mvinyo mwekundu wa mashamba yetu ya Dodoma, ule wa zabibu za Kifaransa. Nilitema na kutoa hukumu: huu una harufu ya moshi, huu una ukakasi wa mbegu, huu urudi kwenye pipa. Kisha nikajifungia chooni, nikaonja mlenda.

Haukuwa na chumvi hata chembe. Na chungu chetu ni kimoja, Lazaro naye anakula huo huo.

Jioni akanipakulia. Mbele yangu akaweka pakiti ya chumvi ambayo haijafunguliwa.

"Mama Neema, chumvi imekolea?"

Nikameza tonge. "Imekolea."

"Haya," akasema, akairudisha pakiti kabatini.