Wa Mwisho Kuiacha Meli

Wiki ya tatu sasa meli ilikuwa juu ya meza ya chakula, tumbo juu, na wenye nyumba walikula sakafuni.

"Ataamka lini huyu mlevi wako?" mke wa Nahodha aliuliza, akiruka kopo la gundi, sahani mkononi.

"Meli hujengwa kifudifudi, mama. Kwanza tumbo, halafu ndipo inageuzwa. Haya ni mambo ya kitaalamu."

"Basi niambie na mimi nitageuzwa lini nikae kwenye kiti."

Ilikuwa tagi, ile meli fupi yenye kifua kipana inayokokota meli kubwa hadi gatini. Ya kweli ilizama miaka ishirini iliyopita nje ya mlango wa bandari, mahali penye kina ambacho hakuna mpiga mbizi aliyewahi kukifikia. Sasa ofisi ya bandari ilitaka mfano wake ukae ukumbini, ndani ya kabati la kioo. Na nani wa kuujenga kama si nahodha wake? Kila mita ya meli ya kweli iwe sentimita mbili. Mbele ya kabati kungekuwa na kibao cha shaba, na maneno yake Nahodha alishayaandika kabla hajanunua hata kipande cha ubao: Nahodha Shujaa, Wa Mwisho Kuiacha Meli.

Habari yenyewe kila mtu aliijua, maana Nahodha aliisimulia kwenye harusi, misibani na kwenye foleni ya benki. Dhoruba ilipozidi, mabaharia wengine waliokolewa mapema. Wakabaki wawili, yeye na fundi wa injini. Fundi akaiba mashua, iliyokuwa moja tu, akatoroka. Kesho yake mashua ilikutwa ufukweni tupu, na fundi hakuonekana tena. Nahodha alibaki kwenye usukani mpaka meli ikapinduka naye akiwa ndani.

"Nilipoibuka na boya langu," alimalizia kila mara, "hakukuwa na meli. Imefutika kama maandishi ubaoni!"

Mjane wa fundi alikuja kila jioni akishafunga cherehani yake, kwa sababu vidole vya Nahodha vilikuwa vinene mno kusuka zile kamba ndogo. Hakutaka malipo. Alitaka jina la mumewe liandikwe kibaoni, hata chini kabisa, hata kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Wanawe walikua wakiitwa watoto wa mwizi wa mashua.

"Shemeji," Nahodha alimwambia kwa upole wa mtu anayegawa sadaka ya mwenzake, "mimi sina kinyongo. Lakini kibao ni historia. Mtu aliyekimbia nitamwandikaje?"

Mjane aliinamisha kichwa, akaendelea kusuka.

Tumbo la meli lilikwisha upesi, bila mchoro wala picha. Nahodha alilichonga huku akipiga mluzi. Meli ilipogeuzwa tu, mluzi ukakatika. Siku nne nzima alikaa na kioo cha kukuzia juu ya picha moja iliyofifia, akibishana na nafsi yake. Madirisha ya chumba cha usukani yalikuwa matano au sita?

"Si ulikaa humo miaka kumi na moja?" mkewe akauliza.

"Nilikuwa naangalia bahari! Nani anahesabu madirisha?"

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Nahodha alivaa kofia yake ya kazi, iliyokuwa imembana tangu alipostaafu. Mjane alilifunua kabati, akasogea kando na kile kitambaa mkononi. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa bandari aliinama, akachungulia nyuma ya meli.

"Kazi safi, mzee wangu. Ila mmeivunja mlipoibeba. Propela ina mapanga matatu na kipande."

"Haijavunjika. Nimeichonga hivyo makusudi."

"Hapana, mzee. Propela ile tuliifunga mpya wiki ile ile meli ilipozama. Mimi ndiye niliyeipokea gatini, mapanga manne mazima."

"Mzee kaishiwa mbao!" mtu akasema huko nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Masikio ya Nahodha yalipata moto. Angeweza kuvumilia njaa, jua na mke wake, lakini si kusahihishwa mbele ya watu wenye kamera.

"Panga lilikatika siku ile ile, kwenye mwamba! Mnanifundisha meli yangu?"

"Usiwakasirikie, Nahodha," mjane alisema kwa sauti ndogo, akikikunja kitambaa. "Ni umri tu. Labda umesahau."

"Nisahau nini, shemeji?" Nahodha alifoka. "Nililiona kwa macho yangu haya mawili! Meli tumbo juu, injini bado inanguruma, propela inazunguka hewani na lile panga lililokatika, inanirushia maji mpaka nikawa nayachota kwenye mashua kwa kofia hii hii!"