Mlango wa Kiti

Fundi cherehani alipiga goti mbele ya mlango wa watu, akavuta futi yake ya kushonea kutoka shingoni, akaupima mlango kama anavyopima kiuno cha mteja. Kisha akatikisa kichwa. Kiti cha magurudumu cha binti yake hakipiti.

Milango aliyopima hadi siku hiyo alishaacha kuihesabu. Hosteli za chuo zilikuwa za ghorofa tupu, na vyumba vichache vya chini vilishachukuliwa na wenye watu wao ofisini. Mtaani nako wenye nyumba walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema kiti kitamkwangulia sakafu. Mwingine alisema hataki kubeba dhamana ya mgonjwa. Binti hakuwa mgonjwa; alikuwa na miguu isiyofanya kazi, na kichwa kinachofanya kazi kuliko vichwa vya ukoo mzima. Mwaka jana aliahirisha masomo kwa kukosa pa kulala. Mwaka huu chuo kilimwambia bila kuzunguka: akiahirisha tena, nafasi anapewa mwingine.

"Si umepungua kidogo tu?" mwenye nyumba aliuliza nyuma yake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Kidogo au sana, mzee, kiti hakijui."

Mwenye nyumba akacheka. "Basi upanue, fundi. Mimi sina neno. Kodi itabaki hiyo hiyo niliyokutajia, ila gharama za kupanua ni zako."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Kodi aliyotajiwa ilikuwa ndogo, ya kulipika na mtu anayeishi kwa kupunguza suruali za watu. Na nyumba yenyewe ilionyesha kuwa mwenyewe ana utu. Ilikuwa safu ya vyumba vilivyotazama ua mmoja, na vile vya mwanzo vilikuwa na milango mipana, na mteremko wa saruji badala ya ngazi. Mpangaji mmoja aliutumia mteremko wake kuingizia pikipiki chumbani. Fundi akauliza kama hawezi kupata kimojawapo cha vile.

"Vile vina watu. Na vile kodi yake ni nyingine kabisa. Wewe nataka nikusaidie."

Nyumbani, binti alisikiliza habari yote huku ameshika tama. "Mmeandikishana?"

"Mama, kazi yetu sisi ni ya kuaminiana. Mtu ananiachia kitambaa cha harusi, na wala hadai karatasi."

"Kitambaa kinabaki kwako, baba. Mlango unabaki kwake."

Lakini hakuendelea kubisha, kwa sababu naye chumba alikitaka.

Fundi aliuza cherehani yake ya kudarizi, ile iliyomsomesha binti mpaka hapo, akatafuta mwashi. Walivunja ukuta, wakaweka mlango mpana, wakamwaga mteremko, wakashusha swichi, wakakaza bomba la kushikia chooni. Mwenye nyumba alipita kila asubuhi kusifia. "Hapo chini weka na vigae vya kukwaruza, fundi," alishauri siku moja, "mtoto asije akateleza." Fundi akaweka vigae, akamshukuru kwa kumjali.

Mpangaji wa chumba cha jirani, mama mmoja muuguzi, alisimama siku hiyo kumtazama akikoroga saruji.

"Una mtoto wa kiti?"

"Ndiyo, dada. Anaanza chuo."

Muuguzi alitaka kusema neno, lakini mwenye nyumba akatokea getini, naye akaingia ndani na kufunga mlango. Fundi alimwona mtu wa haya.

Siku ya mwisho ya usajili walifika na godoro, ndoo na begi la vitabu. Binti alijisukuma mwenyewe juu ya mteremko, mara ya kwanza maishani mwake kuingia pahali bila kubebwa. Mlangoni palikuwa na kufuli ambalo si lao.

"Nilitaka kukupigia," mwenye nyumba alisema kwa sauti yake ile ile. "Chumba kimepata mtu. Si unaona kilivyopendeza? Siwezi kukitoa kwa kodi ya banda."

"Tulikubaliana, mzee."

"Tulikubaliana chumba cha mlango mwembamba, fundi. Kile hakipo tena."

Fundi alishawahi kudhulumiwa, nani hajawahi, lakini si mbele ya mwanawe. Alitamani kumkaba yule mtu hapo hapo, na aliona aibu kwamba bado alikuwa anamwita mzee.

"Baba, twende," binti alisema.

"Twende wapi?"

Fundi akajitwisha godoro, akageuza kiti, na kwa kuchanganyikiwa akashika njia ya ua badala ya getini.

Mwisho wa safu, kwenye chumba pekee kilichobaki na mlango mwembamba, mwanamke aliyejaa vumbi alikuwa akivunja ukuta kwa nyundo. Kando yake, mvulana kwenye kiti cha magurudumu alikuwa amepakata mfuko wa misumari.

Mwanamke alimwona binti, uso ukamchangamka.

"Karibuni, kaka," alisema akijifuta mikono. "Na ninyi amewapa chumba? Mungu ambariki baba huyu. Sisi tulishakataliwa mji mzima."