Pale Panapodidimia

"Nakwambia hapa pasishindiliwe, fundi—"

"Nami nakwambia shindilia! Unataka mbao za sakafu ya Mdachi zicheze kama meno ya bibi yangu?"

"Kabla ya nyumba hii, hapa palikuwa na zizi letu—"

"Si nasikia harufu!"

Chibago, kibarua wake, akanyoosha kidole chini. Udongo wa kichuguu waliomwaga asubuhi ulikuwa umedidimia tena palepale, urefu wa mtu aliyelala, na ufa mwembamba umepazunguka. Fundi akautazama ule urefu, kicheko kikamkauka.

"Nani?"

"Baba. Kwetu mwenye mji huzikwa zizini."

Fundi akashusha sauti. "Ndugu yangu, Bwana Mkubwa Mdachi anakuja kupima sasa hivi. Akikuta pamebonyea, atasema pachimbuliwe, pajazwe mawe. Mzee atatupwa porini."

Nje, askari alikwisha kupiga saluti. Vibarua wawili wakauinua ule mchi mzito wa kushindilia.

Chibago akasimama mbele yao, katikati ya pale palipodidimia. Fundi akafumba macho; alishaanza kusikia kiboko mgongoni.

"Nipeni mimi huo mchi," Chibago alisema. "Nitamshindilia mwenyewe."